Uongo Huja kwa Kifaransa

Jumamosi asubuhi Régine alitoka nje na sahani ya maganda ya viazi, akakuta kamba. Kamba ilikuwa imefungwa vizuri kabisa kwenye nguzo ya kibanda. Upande wa pili, pale alipotakiwa kuwa mbuzi, hapakuwa na kitu. Régine akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akainama kuchungulia chini ya benchi, kana kwamba mbuzi mzima angeweza kujibanza pale akanyamaza. Kisha akaita kwa sauti iliyowatoa nje majirani wa pande zote.

“André! Mbuzi hayiko!”

Mumewe, André Kangwa, alitokea mlangoni na mswaki mdomoni. André alikuwa mtu wa forodha. Kwa miaka mingi alikuwa akiwatengenezea watu karatasi za mizigo kule mpakani Kasumbalesa, na kazi hiyo ilimpa imani moja isiyotikisika, kwamba hakuna mwanadamu anayeweza kumdanganya. “Mi naangalia tu mu macho,” alikuwa akisema. “Macho haisemake bongo,” yaani uongo. Madereva wa malori walimdanganya kila wiki, wakimtazama machoni kwa upole mkubwa, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

“Inakosa ginsi gani?” aliuliza. “Kamba si iko?”

“Kamba iko. Tutamupa Kapya kamba?”

André akatoa mswaki mdomoni. Jina la shemeji yake lilimfanya aelewe.

Mbuzi huyo hakuwa mbuzi wa hivi hivi. Aliletwa wiki ile na Guelord, kijana anayeendesha lori la maji upande wa Kinsevere, ambaye alitaka kumwoa binti yao Abigaïl. Régine ni wa ukoo wa Mbuzi, na kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwenye neno la mwisho kuhusu ndoa si baba, ni mjomba. Mjomba ndiye huyo Kapya, kaka mkubwa wa Régine. Kapya alikuja, akamkagua mbuzi, akamsifu: mwili wote mweupe, sikio moja tu jeusi. Akampaka mpemba, ule udongo mweupe wa baraka, katikati ya paji la uso, ingawa juu ya mbuzi mweupe baraka yenyewe haikuonekana sana. Akasema, “Siku ya Yenga nitarudia kuibeba. Nikiikuta, mutoto ataenda. Nisipoikuta, bankambo bamekatala, na mi siwezi kugombana na bafu.” Bankambo ni mababu, hao wafu wa ukoo.

Yenga, yaani Jumapili, ilikuwa kesho.

Abigaïl alikuwa ametoka na kitambaa chake cha kushonea begani. Aliangalia ile kamba kwa muda mrefu. Midomo ilimtetemeka, na Régine alipoiona midomo ile roho ilimuuma kuliko alivyoumia kwa ajili ya mbuzi.

Hapo ndipo kichwa cha jirani yao, mama Marie-Thérèse, kilipotokea juu ya ukuta.

“Munatafuta mbuzi?” aliuliza. “Nimeiona jana mangaribi. Ilipita pa kwangu mbio, inaenda kwa mama Kiki, ule anachunga mbuzi kule nyuma ya mashamba.”

Wote watatu wakaangua kicheko. Hata Abigaïl alicheka kidogo, huku machozi yakimlengalenga.

Msiwalaumu. Marie-Thérèse ni wa ukoo wa Chui, na kati ya Chui na Mbuzi kuna bunungwe, utani wa koo ulioachwa na wazee. Chui anaweza kuingia kwenye matanga ya Mbuzi na kudai maiti anajifanya tu ili asilipe deni. Anaweza kumwambia bibi harusi kwamba anaoza. Mbuzi hana ruhusa ya kukasirika. Kazi yake ni kucheka na kungoja zamu yake. Na jambo moja lilijulikana tangu enzi za mababu: Chui akizungumza habari za mbuzi, hakuna neno la kweli ndani yake.

“Mama Chui, weye njo umeikula,” alisema Régine akijifuta macho. “Onesha meno.”

“Minasema kweli! Ilikuwa na kipande ya kamba mu shingo!”

“Na ilikusalimia?”

“Régine, kwa Mungu! Leo sichezi!”

Kadiri alivyoapa ndivyo walivyocheka. Mwishowe Marie-Thérèse akashuka kutoka kwenye ndoo aliyokanyagia, akasikika akinung'unika peke yake upande wa pili. Mara moja tu katika maisha yake alikuwa amewaletea Mbuzi habari ya kweli, na angalia shukrani yenyewe.

*

André akaamua kufanya uchunguzi. Alileta kiti cha plastiki, akakiweka katikati ya ua, akamkalisha mkewe na binti yake kwenye benchi. Wapita njia walianza kupunguza mwendo.

“Kila mutu ataniangalia mu macho,” alisema. “Régine. Jana mangaribi ulikuwa wapi?”

“Ku kanisa, ku chorale. Uliniona nikitoka.”

André akamtazama machoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. “Kweli. Abigaïl?”

“Nilikuwa na mama.”

“Kweli.” André akasimama na kusafisha koo. “Basi, ni mwizi wa inje.”

“Kaa,” alisema Régine.

“Eh?”

“Kaa kwanza. Siye tulienda ku chorale, tukakuachia mbuzi. Weye ulikuwa wapi?”

André akakaa. Akaweka mguu mmoja juu ya mwingine. Akaushusha.

“En fait, chérie,” alisema, “il y avait une petite réunion.”

Régine akafumba macho, kama mtu aliyesikia mlio aliokuwa akiungoja.

Lazima nieleze, kwa sababu Régine naye alikuwa na elimu yake, na haikutoka mpakani. Alikuwa na malewa, kimgahawa kidogo cha bukari, yaani ugali, na samaki kando ya barabara, na katika kuwauzia watu chakula kwa miaka yote hiyo aligundua jambo. Mtu anayesema kweli huisema katika lugha aliyonyonya nayo. Anayesema uongo huuvisha kwanza Kifaransa, kama mtoto anayevishwa kwenda kanisani. Mteja akisema “Mama, leo sina kitu,” basi hana, na Régine atampa bukari kidogo. Akisema “Maman, effectivement, j'ai un petit souci de trésorerie,” yaani ana tatizo dogo la hazina, pesa iko mfukoni. Mtu wa umeme huja na “travaux techniques”, kazi za kiufundi. Wanaume, kama André, huja na “réunion”, mkutano mdogo.

Régine aliinuka, akamkaribia mumewe, akainamisha pua kwenye kola ya shati lake la jana, ambalo André alikuwa bado amelivaa. Akavuta hewa taratibu. Majirani walikuwa wamejaa ukutani sasa, na mtu mmoja alikuwa amempakata mtoto ili naye aone.

“Michopo,” alisema Régine.

Watu wote wakaguna. Michopo ni nyama ya mbuzi ya kuchoma, na harufu yake, ya moshi na kitunguu na pilipili, haiwezi kukanushwa na mtu yeyote.

“Baba,” Abigaïl alisema polepole, “umekula mbuzi yangu?”

“Hapana! Ile ilikuwa mbuzi ingine!”

“Mbuzi gani ingine?”

“Ya Kalaba! Mu michopo ya Kalaba! Mbuzi ya batu bote! Je vous jure, c'est une pure coïncidence!”

“Aah!” walisema majirani kwa pamoja waliposikia akiapa kwa Kifaransa, maana nadharia ya Régine ilijulikana mtaa mzima.

Hapo André alidhalilika vibaya. Mtu wa forodha, mwenye kalamu mbili mfukoni, alilazimika kufungua mdomo mbele ya umati ili mkewe aangalie nyama iliyobaki kwenye meno ni ya mbuzi wa rangi gani. Hatimaye aliacha Kifaransa. Akasema kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, kwamba alikaa na yule mbuzi hadi jua likaanza kushuka, mbuzi akawa anamwangalia, yeye akawa anamwangalia mbuzi, na kutokana na kuangaliana huko njaa ikamshika. Akaenda kwa Kalaba mchoma nyama. Aliporudi giza lilikuwa limeingia, akaona kamba, akafikiri mbuzi yuko.

“Uliona kamba, ukawaza mbuzi,” alisema Régine.

“Njo ivyo.”

Régine alimwamini. Hakuna mtu anayetunga uongo wa kijinga kiasi kile. Lakini hilo halikumrudisha mbuzi.

Abigaïl alikuwa ameacha kusikiliza. Alitoa simu yake na kusogea hadi mwisho wa benchi, akawa anapitia ujumbe wa mapenzi wa Guelord, mmoja baada ya mwingine, kuanzia zamani. *Bonjour mon cœur. Tu me manques énormément. Je t'aime à l'infini.* Alisoma mpaka kidole kikachoka. Katika ujumbe wote ule kulikuwa na Kiswahili sehemu moja tu, siku gari lilipomharibikia njiani akashikwa na njaa: *Niko na njala.*

“Mama,” alisema, “ile yako ya Français, inakosaka?”

“Haijakosaka hata siku moja,” alijibu Régine kwa majivuno, bila kumtazama, na hakujua alichokuwa amefanya.

*

Jioni simu ya Régine ililia. Alikuwa Guelord. André akaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha wote, akanong'ona, “Asijue! Akijua tumepoteza mbuzi yake, ni haya ya familia nzima.” Régine akaweka simu kwenye sauti ya nje.

“Mama, jambo. Mulishinda muzuri?”

“Jambo, mutoto yangu. Tuko muzuri.”

“Na… mbuzi?”

“Mbuzi?” Régine alimtazama mumewe. “Mbuzi iko.”

Kimya kikaingia upande wa pili, kimya kirefu sana kwa mtu aliyepewa habari njema.

“Iko?” aliuliza Guelord. “Iko… pale?”

“Iko hapa. Inakula.”

“Inakula?”

“Inakula maganda. Inakusalimia.”

“Ah,” alisema Guelord, sauti ikimpanda kama ya mtu aliyekanyaga jiwe la moto. “Ah, très bien, maman. C'est… c'est formidable. Vraiment, je suis soulagé.”

Simu ikakatika. André akapiga makofi. “Unaona? Amesadiki!”

Régine aliendelea kuishika simu. Kijana kaambiwa mbuzi wake yuko, akashangaa. Tena akaruka haraka kwenye Kifaransa. Kitu fulani kilikuwa kinanuka, na safari hii haikuwa michopo. Alimgeukia Abigaïl, akamkuta ameinamisha uso. Binti naye alikuwa amekisikia kile Kifaransa.

“Soulagé,” alirudia Abigaïl, yaani eti roho imetulia, akaingia ndani.

*

Usiniulize ni nani aliyebuni mpango wa mbuzi wa pili. André alisema baadaye kwamba wazo lilikuwa la wote, kwa hiyo tukajua ni lake. Jumapili asubuhi, wakati watu wengine wanatoka misa ya kwanza, alirudi kutoka kwa Kalaba akimvuta mbuzi mweupe aliyekuwa amepangiwa kuchomwa mchana ule. Kalaba alimwazima kwa sharti kwamba arudishwe akiwa mzima, ili auawe.

Tatizo lilikuwa moja tu: masikio yote mawili yalikuwa meupe. André akatoa kopo la rangi ya viatu, ile anayong'arishia viatu vya kazini, akapaka sikio la kushoto kwa uangalifu mkubwa, akipuliza katikati ya tabaka na tabaka.

“Ilikuwa ya kuume,” alisema Abigaïl kutoka mlangoni.

“Una hakika?”

“Baba, ni mbuzi yangu.”

André akaangalia sikio la kulia, akaangalia kopo lililokwisha. “Kapya hatakumbuka,” alisema.

Kapya alifika saa za adhuhuri, mtu mpana, amevaa suti ya rangi ya maziwa aliyoiazima kwa ajili ya heshima ya siku. Guelord alifika nyuma yake, kola imembana, jasho limemjaa juu ya pua. Walisalimiana, wakakaa kibandani, wakapewa munkoyo baridi, kinywaji cha mahindi. Kisha Kapya akasema, “Basi, tuone mutu mwenyewe,” na mbuzi akaletwa.

Sasa tazama watu wale. André alijua kwamba si mbuzi yule. Régine alijua. Abigaïl alijua. Na Guelord, ukimtazama vizuri, macho yalikuwa yamemtoka kama aliyeona mzimu, kwa sababu yeye alijua zaidi ya wote. Katika ua mzima aliyekuwa hajui ni Kapya na mbuzi.

“Imenona,” alisema Kapya.

“Absolument,” alisema André.

“Na ni dume? Nilizania ilikuwa jike.”

“C'est une question de lumière,” alisema André, akiusingizia mwanga.

“Guelord, njo ile yako?”

Guelord alisimama. “Tout à fait, tonton,” alisema. “Je la reconnais formellement.”

Régine alihisi nywele zikimsimama. Mume wake anadanganya, hilo alilizoea. Lakini huyu kijana amemtambua rasmi mbuzi ambaye hajawahi kumwona! Akamtupia jicho Abigaïl, na binti yake alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, akimtazama Guelord kama mtu anayesoma barua ya msiba.

Kapya, kwa furaha, alimkamata mbuzi sikio na kulisugua kwa upendo. Jua lilikuwa kali. Akajipangusa jasho la paji la uso, akajipangusa shavu, akajipangusa na upande wa pili, na alipomaliza uso wa mjomba ulikuwa mweusi tii kutoka nyusi hadi kidevuni, na suti ya maziwa ilikuwa na vidole vitano kifuani.

Wote wakamkodolea macho.

“Munaniangalia nini?” aliuliza Kapya.

“Rien du tout,” alisema André.

“Tu es très élégant, mon frère,” alisema Régine, na aliposikia sifa zile za umaridadi zikitoka kinywani mwake mwenyewe, akaona aibu kiasi cha kutaka kuingia chini ya benchi.

Ndipo lango likafunguliwa kwa teke. Alikuwa mama Marie-Thérèse, kitenge kimefungwa vita, akivuta kwa kamba mbuzi mweupe, jike, sikio la kulia jeusi, kipande cha kamba ya zamani bado kinaning'inia shingoni.

“Nilisema!” alipiga kelele. “Jana nilisema, mukanicheka! Niliomba mama Kiki anipe saa moja tu, nikuje kubaonesha! Chui anabaletea mbuzi nzima, na hajaigusa hata na ulimi!” Kisha akamwona Kapya. Akaacha kamba, akaweka mikono kiunoni. “Na weye, Kapya, sura yako imekuwa kama nyuma ya sufuria. Umejipaka nini?”

Kapya akacheka hadi tumbo likatikisika. “Munungwe wangu! Haubadilikake!”

“Minasema kweli! Uko mweusi!”

“Na weye uko na mukia!” alijibu Kapya akicheka, kwa sababu ilikuwa zamu yake.

Marie-Thérèse akaketi chini palepale, vumbini, akataka kulia. Ilikuwa mara ya pili kusema kweli na kuchekwa.

Abigaïl ndiye aliyeinuka. Akamwendea mjomba wake, akapiga goti kwa heshima, akamgeuzia simu upande wa kioo. “Mujomba,” alisema, “iko kweli. Yote anasema iko kweli. Jana vilevile.”

Kapya alijitazama. Akatazama kiganja chake. Akatazama mbuzi wa kwanza, mwenye sikio lenye mistari ya vidole. Akamtazama wa pili. Akatoa kitambaa, akamsugua wa pili sikio kwa nguvu mpaka mbuzi akalalamika. Kitambaa kilibaki safi. Kicheko kilikuwa kimekwisha usoni mwake, ingawa ilikuwa vigumu kuona.

“Nani ataniambia?” aliuliza.

Guelord alisimama tena. “En fait, tonton, il se trouve que, compte tenu des circonstances…”

“Mu Swahili!” alifoka Régine. “Sema mu Swahili, ao utoke!”

Kijana akaanza upya. Ilionekana kama anavua nguo mbele za watu.

“Mbuzi hayiko yangu,” alisema. “Niliiomba kwa mama Kiki. Nilimwambia nitamurudishia ingine kabla hamujakuja kuibeba. Sikuipata. Niliogopa kuja mukono mutupu. Mungesema huyu ni mutu gani. Ile siku ilikimbia, mama Kiki aliniita, anasema mbuzi yake imerudia mu nyumba. Nikapiga simu, nikuje kusema kweli. Sasa mama akaniambia mbuzi iko, inakula, inanisalimia.” Alimtazama Régine kwa unyonge. “Nikawaza pengine nimekuwa kichaa.”

Régine akainamisha kichwa.

“Na hii ingine?” aliuliza Kapya.

“Il s'agit…” alianza André.

“André.”

“Ni ya Kalaba,” alisema André. “Ya michopo. Cirage ya viatu ni yangu.”

Mbuzi wawili walinusana. Kapya akajipangusa tena bila kufikiri, akazidi kujipaka.

“Nilikuja kuona kama hizi familia mbili zinafanana,” alisema mwishowe. “Huyu anabaletea mbuzi ya bongo. Nyinyi munamuonesha mbuzi ya bongo. Yeye anaitambua! Batu banafanana kuliko hawa, sijabaona.” Akaanza kucheka, kwanza puani, halafu mwili mzima. “Bankambo hawakukatala kitu. Mbuzi ilienda kwao tu. Hata miye ningeenda. Guelord atatafuta mbuzi yake, hata ikiwa kiloko, ndogo kabisa, hata ikiwa na kilema, lakini iwe yake. Nitaingojea. Maneno imeisha.”

“Hayijaisha,” alisema Abigaïl.

Watu wakamgeukia. Abigaïl hakuwa msichana wa kusimama mbele ya wakubwa, lakini alisimama.

“Mumeulizana juu ya mbuzi toka jana,” alisema. “Miye hakuna mutu ameniuliza kitu. Guelord, ujumbe zako zote niko nazo hapa. Zote ni Français. Juu ya mbuzi ulisema Français, na ilikuwa bongo. Na juu yangu je?”

Guelord alimgeukia. “Bébé,” alisema, “mon amour, tu sais bien que…”

Alisikia ua mzima ukivuta pumzi, akajishika. Alimtazama Régine, akamtazama Kapya aliyekuwa mweusi, akawatazama majirani waliojaa ukutani na yule mtoto aliyepakatwa. Kwa Kifaransa angeweza kusema hadi jua lizame. Kwa Kiswahili hapakuwa na mtu aliyewahi kumsikia akilisema jambo hilo, hata yeye mwenyewe. Masikio yalimwaka. Akaangalia viatu vyake.

“Nakupenda, Abi,” alisema, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayekiri wizi. “Nakupenda sana. Mbuzi sina.”

Hakuna aliyecheka. Régine aligundua kwamba analia, akakasirika kwa hilo, akajifuta na kona ya kitenge.

“Huyu anasema kweli,” alisema Marie-Thérèse kutoka pale chini vumbini.

Kwa mazoea, Kapya alianza kucheka. Kisha akaacha. Walimtazama yule mama wa Chui, kisha wakamtazama kijana aliyeloa jasho, na mmoja baada ya mwingine wakatikisa vichwa kukubali. Abigaïl alikwenda akamwinua Marie-Thérèse, akampangusa vumbi, akampa kiti chake mwenyewe. Halafu akamwambia Guelord akanawe mikono, kwa sababu bukari ilikuwa inapoa na yeye alijua tayari kwamba ana njaa.

Walipokuwa wakikaa kula, Régine alimsogelea mumewe.

“Na weye, baba Abigaïl?” alimnong'oneza. “Weye hujaniambiaka ile neno mu Swahili.”

André alisafisha koo. Aligusa kalamu zake mbili. “Chérie,” alianza, akaona jicho lake, akaanza upya. Ilimchukua muda, na samaki walipoa, lakini alifika kwenye neno lenyewe.